Maumivu ya Siku ya Pili: Hotuba juu ya Kuutuliza Mwili kwa Kujongea



Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanguka katika nchi ya West Nile, baina ya Machi na Aprili, jambo moja hutokea katika nyumba nyingi. Mtu ambaye kiangazi chote alikaa dukani, au aliendesha pikipiki ya abiria, au alishika kazi ya kalamu mjini, huchukua jembe akaenda shambani kwa wazee wake. Kwa kuwa huona haya mbele ya ndugu zake, hulima toka alfajiri hata adhuhuri, na kumaliza kipande ambacho mkulima wa kila siku angekigawa kwa siku tatu. Jioni hurudi amechoka lakini mzima. Hula, hucheka, hulala. Asubuhi hujiona mapaja yamekaza na mgongo hautaki kunyoka. Siku inayofuata ndiyo mbaya zaidi: kuchuchumaa ni taabu, kuinuka mkekani ni lazima ashike ukuta, na katika sala kushuka kwenda kwenye sijda humtoa machozi. Hapo ndipo mashauri huanza. Mmoja humwambia kuwa hiyo ni malaria, mwingine kuwa ametupiwa kitu na jirani, wa tatu humpa vidonge vinne vya maumivu anywe kwa mara moja akalale mpaka yaishe. Naye hulala. Siku nne au tano za mwanzo wa mvua, ambazo mkulima hawezi kuzinunua kwa fedha, humpita akiwa kitandani.

Madhumuni ya hotuba hii ni kueleza maumivu hayo ni kitu gani, kwa sababu gani kitanda si dawa yake, na ni maumivu gani mengine yanayofanana nayo ambayo hayafai kungojwa hata siku moja.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba misuli inapofanya kazi nyingi hutoa asidi ya laktiki, na kwamba asidi hiyo hubaki ndani kama sumu na kuuma. Wako walimu wa michezo wanaofundisha hivyo hata leo. Lakini maneno hayo hayasimami. Asidi hiyo huondoka katika damu kwa muda wa kama saa moja baada ya kazi kwisha, ilhali maumivu haya huanza baada ya saa 12 hata 24, hufika kilele baina ya siku ya pili na ya tatu, na mara nyingi huwa yamekwisha kabla ya juma moja kutimia. Kitu kilichoondoka jana hakiwezi kuwa ndicho kinachouma kesho kutwa.

Mmarekani mmoja, Theodore Hough, aliandika katika mwaka 1902 kwamba maumivu hayo yatokana na kupasuka kudogo ndani ya misuli yenyewe. Ilichukua miaka mingi watu kumsadiki. Katika mwaka 1981 wataalamu wa Sweden waliwashusha watu ngazi mara nyingi, kisha wakatoa vipande vidogo mno vya misuli ya miguu yao na kuvitazama kwa darubini yenye nguvu. Wakaona nyuzi za misuli zimevurugika katika maungio yake madogo kabisa, pasipo jeraha lolote lionekanalo kwa macho. Baada ya hapo mwili huleta damu na maji mahali hapo ili kusafisha na kutengeneza, na mishipa ya fahamu iliyo karibu huwa nyepesi kuhisi. Uchungu huo basi ni kama makelele ya mafundi walio kazini.

Lililo la ajabu zaidi ni aina ya kazi inayoleta uchungu huo. Watu wengi wakiulizwa ni lipi litakalomwumiza mtu zaidi, kupanda mlima Liru ulio karibu na Koboko au kuuteremka, watajibu kuwa ni kupanda, maana katika kupanda ndiko moyo hupiga mbio na jasho hutoka. Ukweli ni kinyume. Mtu anapopanda, misuli ya paja hujikunja na kuwa mifupi inapovuta. Anapoteremka, misuli ile ile huvuta huku inarefushwa, kwa sababu ndiyo inayouzuia mwili usianguke mbele. Na kuvuta huku unarefushwa ndiko kunakopasua nyuzi. Katika mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilinganisha watu waliokimbia dakika 45 mahali tambarare na waliokimbia muda huo huo penye mteremko. Waliokimbia mahali tambarare asidi yao ilipanda, lakini hawakuumwa baadaye. Waliokimbia mteremkoni asidi yao haikupanda, nao ndio walioumwa. Mchungaji wa mbuzi upande wa Terego, ashukaye mlima Wati kila jioni, hahitaji kuambiwa habari hiyo. Lakini mgeni aliyeupanda siku moja kwa matembezi ataijua keshokutwa yake.

Jembe nalo lina mteremko wake. Kulinyanyua si kazi kubwa kwa mgongo kama kuinama na kushuka nalo, na kulizuia lisimpige mtu mguuni. Kadhalika mama atuaye mtungi au ndoo toka kichwani, mpakuzi ashushaye magunia toka lori, na wanawake wa Kinubi waliocheza doluka arusini usiku kucha hali kwa mwaka mzima hawakucheza: wote hao hujikuta katika hali moja.

Sasa yaja swali la nini kifanywe. Jibu la kwanza la kila mtu ni kupumzika, na jibu hilo lina sehemu yake ya haki, kwa kuwa misuli iliyovurugika haifai kupewa tena kazi ile ile nzito kesho yake. Lakini kupumzisha misuli ni jambo moja, na kulala kama gogo ni jambo jingine. Asiyejongea hukakamaa zaidi. Aliyelala mchana kutwa akaamka magharibi huona uchungu umezidi, akadhani ugonjwa wake umekuwa mkubwa, kumbe viungo vimekaza tu kwa kukaa mahali pamoja.

Jaribio lake ni jepesi na kila mtu aweza kulifanya nyumbani. Mwenye uchungu huo ainuke, atembee taratibu mpaka kisimani au msikitini na kurudi, muda wa kama dakika 15 au 20, bila mzigo. Hatua za kwanza zitauma. Baada ya dakika chache uchungu hupungua, miguu hulegea, na mtu hushangaa kujiona anatembea kama kawaida. Akikaa tena kwa muda mrefu uchungu hurudi, ingawa si lazima urudi kwa nguvu ile ile. Yafaa kusema kweli hapa wala si kuahidi kupita kiasi: kujongea hakushoni nyuzi za misuli kwa upesi wa miujiza. Nyuzi zina siku zake. Kunachofanya kujongea ni kupunguza uchungu kwa saa kadhaa, kuzuia kukakamaa, na kumwondolea mtu ile hofu ya kwamba mwili wake umeharibika. Hofu hiyo ndiyo humweka mtu kitandani siku tano badala ya moja.

Wakimbiaji wa mbio ndefu hulifuata jambo hilo kila juma. Stephen Kiprotich, mzaliwa wa upande wa Kapchorwa, ndiye aliyeipatia Uganda nishani ya dhahabu katika marathoni ya London tarehe 12 Agosti 2012, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Nayo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi hii tangu John Akii-Bua aliposhinda Munich katika mwaka 1972. Wakimbiaji wa Kapchorwa na wa Eldoret, wanaokimbia upesi kuliko karibu watu wote wa dunia, siku inayofuata mazoezi makali hutoka asubuhi na kukimbia polepole hivi kwamba mtu wa kawaida aliye mzima aweza kufuatana nao kwa kitambo. Hawaoni haya kwenda polepole. Kijana wa mjini Arua akiambiwa atembee taratibu hudhani anatukanwa.

Wala si elimu ya wazungu peke yao. Abu Ali ibn Sina, aliyeishi toka mwaka 980 hata 1037, aliweka katika kitabu chake cha Qanun milango mizima juu ya mazoezi ya mwili, juu ya kusuguliwa na kukandwa, na juu ya uchovu, ambao aliugawa katika aina mbalimbali kwa jinsi mtu anavyouhisi. Kwa kumfuata Galen wa Wayunani, alieleza kwamba mazoezi yamalizwe kwa kusugua mwili na kwa kujongea kwa upole, ili mwili urudishwe katika hali yake. Sababu alizozitoa zilikuwa za wakati wake, za mabaki na unyevu uliomo mwilini, na hazikubaliwi leo. Lakini shauri lenyewe halijapitwa.

Kukanda basi kwafaa. Uchunguzi wa siku hizi umeonyesha kuwa kukandwa hupunguza uchungu huu, na mama zetu walilijua hilo. Mkono uwe mwepesi, wenye mafuta kidogo, na ukande kuelekea moyoni. Akandaye kwa kuponda na kukanyaga, akidhani kwamba anavunja uchungu, huongeza jeraha juu ya jeraha. Maji ya uvuguvugu ni mazuri kwa mwenye kuyapenda, na wengine hupata nafuu kwa maji baridi. Kujinyosha, ambako vijana wa mpira hukutegemea sana, kumepimwa mara nyingi. Katika mwaka 2011 wataalamu walikusanya majaribio 12 ya namna hiyo, wakaona kuwa kujinyosha kabla au baada ya kazi hupunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo mno, karibu na bure. Hakudhuru, ila asidanganyike mtu.

Na sala? Mwenye afya husimama, hurukuu, husujudu, huketi na kuinuka mara nyingi toka alfajiri hata isha, na viungo vyake vikubwa karibu vyote hupata kujongea kila siku. Sala ni ibada, haikuwekwa kuwa mazoezi, na si vyema kuisifu kama dawa ya mgongo. Lakini mwenye mapaja yaliyokaza asiogope kwamba rukuu na sijda zitamdhuru: akizishukia taratibu, akijitegemeza kwa mikono anapoinuka, hazitampasua chochote. Asiyeweza kabisa sharia imemruhusu kukaa. Wako pia wanaoumwa miguu katika siku za mwanzo za Ramadhani kwa kusimama katika tarawehe, na ifikapo kumi la pili huwa wamesahau. Na mahujaji hutembea baina ya Safa na Marwa mara 7, mwendo ambao jumla yake ni kama kilomita 3, baada ya tawafu. Mzee anayetazamia kwenda Makka na asiyetembea nyumbani kwake hata kilomita moja afadhali aanze kutembea miezi mingi kabla.

Kuhusu mgongo pana neno la pekee, maana mgongo ndio unaowalaza watu wengi. Zamani hata madakitari waliamuru mwenye kuumwa mgongo alale kitandani kwa majuma. Katika mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Helsinki, Finland, juu ya wafanyakazi wa manispaa 186 waliopatwa na maumivu ya mgongo ya ghafla. Wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine walipewa mazoezi maalum ya mgongo, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao za kila siku kwa kadiri uchungu utakavyowaruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi kuliko wengine, na waliolala ndio waliokawia. Tangu hapo shauri la kulala limeachwa katika nchi nyingi. Anayeumwa mgongo lakini miguu yake ina nguvu na hisia kamili, na mkojo wake watoka kama desturi, apike, afagie, auze dukani kwake, aende sokoni kwa miguu. Miguu ikilegea, au ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukizuilika, hilo ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo ilipo hatari, na wasikilizaji wanaombwa wavumilie kidogo. Kila aumwaye viungo si kwa sababu ya jembe. West Nile ni miongoni mwa sehemu za Uganda zinazopigwa sana na malaria, na malaria nayo huvunja viungo vyote. Tofauti yake ni homa, kutetemeka, kichwa kuuma, na uchungu ulioenea mwili mzima pasipo kazi iliyoutangulia. Mwenye dalili hizo asitembee kujitibu, apimwe damu. Na asiye na homa, ambaye anauma mapaja tu baada ya kulima, asimeze dawa za malaria kwa kubahatisha.

Liko pia jipu la ndani ya misuli, ambalo madakitari wa Uganda wamelijua kwa muda mrefu kuliko wenzao wa nchi za baridi, maana ni ugonjwa wa nchi zetu. Kijana mwenye nguvu huanza kuumwa paja moja au tako moja. Hapana jeraha, na mwanzoni ngozi haina wekundu wala haijavimba sana. Husema alijikwaa, au alicheza mpira. Na watu wa nyumbani humkanda. Lakini uchungu huu hauko pande zote mbili kama ule wa kulima, haupungui siku ya nne, na mahali pale huwa pagumu kama ubao. Baadaye homa huja. Ndani yake mna usaha unaotokana na vijidudu, na ukiachwa huingia katika damu na kuua. Dawa yake ni kupasuliwa usaha utoke, na dawa za kuua vijidudu. Kukanda mahali kama hapo ni kosa kubwa. Kadhalika mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu anapolia mikono na miguu, asilazimishwe kutembea kwa kudhaniwa mvivu; apelekwe kwa dakitari.

Dalili ya tatu ni mkojo. Aliyefanya kazi ya nguvu kupita desturi yake, hasa katika jua kali na bila maji, kisha akaona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, ajue kwamba misuli imevunjika kwa wingi na uchafu wake umeingia katika figo. Asingoje. Hatari hiyo huongezeka kwa yule aliyemeza diklofenaki au ibuprofeni, ambazo huuzwa madukani kama pipi. Dawa hizo humzidishia mzigo mtu ambaye figo zake zimekwisha kupungukiwa maji. Ikiwa ni lazima mtu anywe kitu cha maumivu, parasetamoli kwa kiasi kilichoandikwa ina hatari ndogo zaidi kwa figo. Sindano za mgongo zinazopigwa na watu wasio na elimu hazina nafasi yoyote katika maumivu haya.

Katika mwaka 2024 na 2025 mwezi wa Ramadhani uliangukia Machi, pamoja na mwanzo wa mvua, na wengi walilima hali wamefunga. Aliyezoea jembe aliweza. Asiyezoea alichanganya mambo matatu, yaani kazi mpya, jua na kiu. Mambo hayo yatakapokutana tena, asiyezoea na alime saa moja au mbili baada ya daku, akome, na anywe maji kwa wingi toka magharibi hata usiku. Yaliyosalia ya sharia waulizwe masheikh.

Ama kinga ya maumivu haya, mwili wenyewe umewekewa. Misuli iliyopata kuvurugika mara moja kwa kazi fulani huwa imara zaidi kwa kazi hiyo hiyo kwa majuma mengi yanayofuata, hata kama mara ya kwanza kazi ilikuwa kidogo tu. Wanaume wa West Nile waliokwenda kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira walilijua hilo kwa ngozi zao: juma la kwanza mgeni hulala akigumia, juma la tatu hukata sawa na wenyeji. Misafara ya zamani iliyotoka pwani, yenye wapagazi waliobeba ratili 60 au 70 kila mmoja, ilikuwa na desturi ya kufanya kituo cha kwanza karibu sana na mji. Wazungu waliosafiri nayo walikasirika, wakiona siku imepotea. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwangoja waliochelewa na kurudia vitu vilivyosahauliwa. Lakini miguu ya wapagazi pia ilifaidika.

Kwa hiyo yule mtu wa dukani aliyetajwa mwanzo, badala ya kungoja mvua, na achukue jembe majuma mawili kabla yake, akwatue ua wa nyumba kwa nusu saa, apumzike siku mbili, arudie kwa robo tatu ya saa. Ataumwa kidogo, mara moja. Mvua ikifika aanze na kipande kidogo, aache kingali cha kesho, na ndugu zake wakimcheka awaache wacheke. Siku ya pili, akiamka amekaza, asirudi kitandani. Asiishike tena kazi nzito, bali apalilie kwa kukaa, apeleke mbegu, atembee mpaka mpakani mwa shamba na kurudi. Siku ya tatu afanye vivyo hivyo. Siku ya nne au ya tano atalirudia jembe, na uchungu uliosalia, kama upo, utamtoka pamoja na jasho kabla ya jua kupanda.